Vidole vya Mita 100, Pumzi ya Mita 1500

HAIKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo ni gemu za riadha, zile zenye mashindano mengi ndani yake: unakimbia, unaruka, unarusha mkuki, mwisho pointi zinajumlishwa. Niko na Lomayani hapa Kijenge, Arusha. Kaka, anza na vidole, maana ndivyo vinavyoulizwa sana.

LOMAYANI: Asante, dada Haika. Pita kwenye mabanda ya gemu, Ngarenaro kule au Unga Limited. Chalii wa gemu ya mpira ameshika pedi kawaida tu. Wa riadha ameilaza pajani. Mkono wa kushoto unaikandamiza isihame, wa kulia anaukaza kuanzia kwenye kiwiko mpaka uanze kutetemeka wenyewe, na vidole viwili vinagonga vitufe kwa zamu, maana ukigonga haraka ndipo mwanariadha wako anakimbia haraka. Hapo kinachofanya kazi ni msuli wa mkono mzima. Halafu wapo wale ambao, baridi ya Julai ikishuka, wanavuta mkono wa sweta ufunike kidole na kuanza kusugua vitufe badala ya kugonga.

HAIKA: Kusugua sikubali.

LOMAYANI: Wenye mabanda nao hawakubali, maana raba ya kitufe ikishalika pedi haishiki tena, na hasara ni yao. Ila mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1983 Konami walipotoa Track & Field, ambayo Japani iliitwa Hyper Olympic, huko kulikuwa na watu wanakwenda na rula ya chuma kwenye mashine za sarafu. Wanaitetemesha juu ya kitufe, mwanariadha anaruka kama risasi.

HAIKA: Sasa hapo nani kakimbia, mtu au rula? Mimi utamu wa hizi gemu nauona kwenye kuchoka. Mita ya 80 mkono unawaka, wa pembeni yako naye unamsikia anahema, na hakuna anayetaka kuachia. Gemu gani nyingine inakuchosha mwili namna hiyo ukiwa umekaa kwenye benchi?

LOMAYANI: Hapo tuko pamoja. Lakini wewe uliruka chini, ule mruko wa urefu, kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ile ya kwenye gemu unaionaje?

HAIKA: Mbio za kuelekea kwenye ubao wamezipatia. Ukigonga taratibu hufiki popote, ukichelewa kuruka umekanyaga mstari, faulo. Kinachonikera ni pembe. Kwenye gemu unabana kitufe cha kuruka, namba ya nyuzi inapanda, na kila mtu anajua aachie karibu na 45. Kwa mwili wa mtu haiwezekani! Waruka chini wakubwa wanaondoka ardhini kwa nyuzi 20 hivi. Unakuja na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, mguu unagusa ubao kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Huna nafasi ya kuigeuza kasi yote hiyo iende juu. Ukilazimisha 45, lazima upunguze mbio, na ukipunguza mbio umepoteza mita zako. Mike Powell aliruka mita 8.95 Tokyo mwaka 1991, mpaka leo haijavunjwa, na kasi ndiyo iliyombeba.

LOMAYANI: Kwa hiyo kijana anayejifunzia kwenye gemu…

HAIKA: Akifika uwanjani anaruka kwenda juu, anatua karibu. Mkuki afadhali, pembe yake ni kubwa zaidi.

LOMAYANI: Mimi dukuduku langu ni kubwa kuliko hilo. Ile Track & Field ya kwanza ilikuwa na mashindano sita: mita 100, kuruka chini, mkuki, mita 110 viunzi, nyundo na kuruka juu. Mbio ndefu kuliko zote ni mita 110! Zilizofuata nyingi zikashika njia hiyohiyo. Sasa mwambie mtu wa Arusha, mkoa wa Filbert Bayi wa Karatu, kwamba hiyo ndiyo riadha.

HAIKA: Mbio ndefu kwenye pedi zitachezwaje? Dakika tatu na nusu za kugonga, mkono utakatika.

LOMAYANI: Ndiyo maana sitaki kugonga. Nataka kipimo cha pumzi. Februari 2, 1974, Christchurch, mita 1500 za Jumuiya ya Madola, Bayi alishika mbele tangu mlio wa bastola, akaachana na kundi, na John Walker wa New Zealand hakumpata. 3:32.2, rekodi ya dunia. Uamuzi wa kwenda mbele mapema vile, ukijua watu wenye miguu wanakuja nyuma, ndio mchezo wenyewe. Nipe gemu inayoniuliza nitumie pumzi kiasi gani mzunguko wa kwanza, na nikikosea niilipe mita 200 za mwisho.

HAIKA: Basi na kugonga kubaki mwishoni. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, Septemba 2025, marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Petros wa Ujerumani wote wamepewa 2:09:48. Dhahabu imeamuliwa kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42!

LOMAYANI: Umenimaliza. Pumzi njia nzima, halafu vitufe kwenye mita 100 za mwisho. Hiyo ningeilipia hata kabla haijatoka.

HAIKA: Na ndiyo sababu mimi napenda dekathloni. Michezo kumi, siku mbili, na wa mwisho kabisa ni mita 1500, watu wameshachoka na kurusha na kuruka. Rekodi ya dunia ya Mfaransa Kevin Mayer, pointi 9,126, ya mwaka 2018, haikupatikana kwa kushinda kila kitu. Kwenye banda pia, anayemaliza mkono kwenye mita 100 anafika kwenye mkuki kidole kimekufa ganzi.

LOMAYANI: Basi Jumamosi tunaandaa mashindano ya wasikilizaji. Sheria?

HAIKA: Sweta mikono juu, na vya kusugulia, kiberiti na kifuniko cha kalamu, vinabaki mfukoni. Kila mtu anacheza mashindano yote bila kupumzisha mkono katikati, na anayeongoza kwa pointi ndiye anayechagua pedi mwisho.

LOMAYANI: Ya mwisho hiyo wataipinga.

HAIKA: Waje waipingie hapahapa.