Mlima Unashukwa kwa Gia

Asante sana, mwenyekiti. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie safari ya gari kupitia hifadhi za milimani: Mikumi, Udzungwa, mpaka Kitulo. Nitazizungumzia. Lakini walionisikia huko nyuma wanajua nitaanzia wapi, na nitaanzia palepale, kwenye breki.

Njia yenyewe sina haja ya kuwachorea, wengi wenu mmeipita mara nyingi kwa basi la Mbeya. Nawaomba muitazame kwa jicho moja tu, jicho la kupanda na kushuka. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Kitulo ziko mita 2,600. Kwa hiyo mkienda, milima mikubwa yote mnaipanda. Kitonga, ule mlima wa kabla ya Iringa, mnaipanda. Mkifika Chimala mkakata kushoto kwenda Matamba, njia ya Kitulo, ile barabara ya Hamsini na Saba, ambayo imeitwa hivyo kwa hesabu ya kona zake, mnaipanda pia. Gari likielemewa kwenye kupanda linakwenda polepole, pengine linachemsha, mnasimama, mnafungua boneti, mnapiga picha. Hakuna aliyekufa.

Sasa geuzeni gari. Miteremko yote ile inawasubiri mkirudi. Na mkirudi mkoje? Mmelala siku mbili tatu kwenye baridi ya Kitulo, mmechoka, kesho Jumatatu mnatakiwa kazini. Halafu nani anatoka Matamba bila viazi? Gari lililopanda na watu watano na mabegi linashuka na watu watano, mabegi, na magunia matatu nyuma. Yaani siku ambayo breki zinatakiwa kufanya kazi kubwa kuliko zote ndiyo siku ambayo gari ni zito kuliko siku zote na dereva ana haraka kuliko siku zote. Hili nimelisema miaka mingi na nitaendelea kulisema.

Mwaka juzi tulikwenda magari mawili, langu na la shemeji yangu. Lake ni otomatiki, zuri, limetunzwa. Tulipoanza kuteremka kutoka Matamba nilimwacha atangulie. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano, naangalia taa zake za breki: zinawaka. Natoka kona ya kumi, bado zinawaka. Hazizimiki! Mguu umekaa kwenye breki tangu juu. Nikapiga honi, nikawasha taa, yeye akadhani namsalimia, akanipungia mkono dirishani. Mbele kidogo nikaanza kuisikia ile harufu. Anayeijua anaijua, ni kama kandambili iliyotupwa kwenye jiko la mkaa. Nikajua hapa hakuna muda.

Namshukuru Mungu alisimama sehemu pana, tena alisimama kwa shida. Aliposhuka ananiambia, "Shemeji, breki inaingia mpaka chini, ni kama nakanyaga sifongo." Gurudumu la mbele kulia lilikuwa linatoa moshi. Kijana wake akaja mbio na chupa ya maji, nikamshika mkono. Diski yenye joto lile ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupasuka au kupinda papo hapo. Basi tukakaa. Tuliweka mawe nyuma na mbele ya matairi tukakaa karibu saa nzima, tunaangalia bonde la Usangu lilivyotandazwa chini yetu. Shemeji yangu hakulitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama watoto wake.

Magazeti huandika kwamba gari lilifeli breki. Mimi neno hilo linanikera, kwa sababu linamfanya mtu aamini kuna kitu kilikatika chenyewe. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Breki zilipikwa.

Tupige hesabu, ni ndogo. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000 kwenda chini linaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Ndoo mbili na nusu, kutoka maji ya bomba mpaka yanatokota. Joto hilo lazima liende mahali. Ukiwa unashuka kwa mguu kwenye breki, lote linakwenda kwenye diski nne na pedi zenye ukubwa wa kiganja. Pedi zikizidi joto hazishiki tena, zinateleza. Kisha joto linapenya mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja linaloitwa DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Lakini mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani siku hadi siku, na yakishaunywa, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unakanyaga breki, unabonyeza mvuke. Hiyo ndiyo sifongo ya shemeji.

Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, breki inapanda, inakuwa ngumu kama zamani. Unampelekea fundi anakuambia, "Mzee, breki zako nzima." Ni nzima kweli, mpaka mteremko mwingine. Mwambie akubadilishie mafuta ya breki, na usipitishe miaka miwili bila kuyabadilisha hata kama huendi milimani.

Dawa yake ni gia nzito. Gari liko gia ya pili, hata ya kwanza, mguu umeutoa kwenye akseleta, injini yenyewe inalishika gari. Joto linatoka na hewa kupitia injini, ambayo imetengenezwa kuhimili joto. Breki unaigusa pale unapoihitaji tu: kanyaga vya kutosha, mwendo upungue, achia kabisa, acha upepo uipoze. Achia kabisa. Anayegusagusa mfululizo kwa ulaini akidhani anaitunza ndiye anayeipika.

Najua mnachotaka kusema. Kuna anayesema injini itaharibika kwa kule kunguruma. Haiharibiki. Maadamu mshale wa mizunguko haujafika kwenye nyekundu, acha ingurume, hiyo ndiyo sauti ya injini ikikufanyia kazi.

Kuna anayesema, na huyu ninamkuta kila mahali, kwamba kuweka frii, yaani kulitoa gari kwenye gia, kunaokoa mafuta. Ndugu yangu, gari la kisasa linalopulizia mafuta kwa kompyuta likiwa kwenye gia, mguu haupo kwenye akseleta, linakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kujiendesha yenyewe, kwa hiyo inakula. Umeitupa breki ya injini na bado umelipa! Na yule anayezima swichi kabisa sina hata nguvu ya kubishana naye. Ukizima injini, ile nguvu inayokusaidia kukanyaga breki inaisha baada ya mikanyago michache, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Kwenye kona ya Kitonga, na bonde liko kushoto kwako.

Wa tatu ni wa otomatiki, ambaye husema gari lake halina gia. Linazo. D umewekewa kwa ajili ya barabara ya kawaida. Kuna kitufe kimeandikwa O/D pembeni ya gia, cha kuzima ile gia nyepesi ya juu kabisa, kuna 2, kuna L, hizo ndizo gia nzito, mengine yana S au B. Shemeji yangu alikuwa na gari lile miaka minne na hakuwahi kushuka hata siku moja kutoka kwenye D. Baada ya lile saa moja tulimweka kwenye L, nikatangulia mimi, tukafika Chimala bila haraka. Pale chini nilidondoshea rimu yake matone ya maji. Hayakuchemka.

Na mnapolikuta lori Kitonga linashuka kama mtu anayetembea kwa miguu, msilipigie honi. Dereva yule anaijua kazi yake. Wewe unayelipita kwenye kona kwa sababu umechoka kumfuata ndiye nisiyekuelewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, hifadhi zenyewe, nitakwenda mbio.

Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50, na wengine hawahesabu kwamba wameshaingia hifadhini. Vibao vya mwendo na faini za kugonga wanyama mmeviona, vifuateni, hasa jioni. Na naomba jambo moja: msiwarushie nyani ndizi. Nyani aliyezoea ndizi ya dirishani hukaa barabarani, na mtoto wake hukaa naye barabarani.

Udzungwa. Mnakata kushoto pale Mikumi mjini, Kidatu, mpaka Mang'ula. Hapo egesheni gari mlisahau, kwa sababu ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170, na mnaweza kuoga bwawani chini yake. Kuna mbega wekundu, kuna kima wa Sanje ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu, na huko juu kwenye msitu huohuo wa milima, na kule Rungwe, kipunji akajulikana miaka ya 2000. Kima mzima, karne ya 21, katika nchi ambayo tunadhani tumeshaijua yote. Ningepewa saa nzima ningeitumia hapa. Basi.

Kitulo. Bustani ya Mungu, ndivyo wenyeji wanavyoiita, na ilitangazwa hifadhi mwaka 2005 kwa ajili ya maua, si kwa ajili ya simba. Okidi aina zaidi ya 40. Yanachanua kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua, tope na ukungu kwenye kona zile zile nilizowaambia. Usinunue chikanda: ile ni mizizi ya okidi iliyochimbwa, ua lake halirudi. Kama gari lako lina shaka, au mvua imenyesha usiku, pitia upande wa Mbeya, njia ya Isyonje. Ni mzunguko, lakini mtafika.

Kuhusu gharama na malazi sitafika, samahani, waulizeni wenzangu watakaofuata. Gari langu liko hapo nje chini ya mwembe, milango iko wazi. Wenye otomatiki nifuateni sasa hivi kabla ya chai, kila mmoja akae kwenye usukani anionyeshe kwa kidole O/D yake iko wapi.