Programu Moja Yatosha, Mwalimu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nusu saa yangu ilivyo.

Niliombwa nizungumzie zana mpya za mtandaoni za kufundishia. Nitazungumzia moja. Najua wako waliokuja na madaftari wakingojea orodha, lakini orodha mnazo tayari. Kila semina mwatoka nayo. Mkufunzi anasimama na laptopu yake, anabofya hiki, anabofya kile, Kahoot, Google Classroom, Padlet, Canva, zote kabla ya chai ya saa nne, na ninyi mwapiga picha ukuta kwa simu. Jumatatu mwarudi darasani na chaki ileile. Cheti mmepata, nauli mmepata. Nauli sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu nimeusema katika kumbi nyingi, hata mke wangu aweza kuja kuusema badala yangu nami nikabaki nyumbani: twashika programu kwanza, halafu twazunguka kutafuta somo la kuitilia. Anza na somo linalokushinda. Lile unalolifundisha kila mwaka, watoto wakaitikia "ndiyo, mwalimu", kisha mtihani ukaja kukuumbua.

Langu mimi ni mkondo wa umeme. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili za aina moja, zimefuatana. Uliza: ipi itawaka zaidi? Mikono yote juu. "Iliyo karibu na betri, mwalimu!" Kwa nini? "Inakula umeme kwanza, ya pili inapata mabaki." Msiwacheke. Kwenye nyumba yenye watoto tisa, anayewahi sinia ndiye anayeshiba. Mtoto ametumia akili aliyo nayo. Mwambie mara mia kwamba katika saketi kama hiyo mkondo ni uleule kila mahali, ataandika na ataipigia mstari. Haamini. Ataaminije, na ndani ya waya haoni kitu?

Sasa kuna majaribio ya bure ya kwenye kompyuta yaitwayo PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Aliyeyaanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametunukiwa Nobel ya fizikia. Mtu ana Nobel mkononi, akaketi kufikiria mtoto anakwama wapi. Sisi twaona uzito kufungua ukurasa. Humo mna moja la kuunda saketi. Waburuta betri, waburuta waya, balbu, swichi, waunganisha. Ukiwasha swichi, vidoti vya bluu vyaanza kutembea ndani ya waya. Ndizo elektroni, chembe zinazobeba umeme. Ongeza betri, zaenda mbio.

Hapa ndipo walimu wengi huharibu. Wanabofya! Usibofye. Kwanza kila mtoto aandike daftarini, kwa kalamu, anadhani itakuwaje. Kwa kalamu, si penseli, asije akafuta baadaye akasema alijua. Kisha weka ammita, kile kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, someni. Iweke katikati ya balbu mbili, someni. Iweke baada ya balbu ya pili. Nambari ni ileile kotekote.

Kulikuwa na kijana mmoja huko Likoni, alisimama akaniambia, "Maalim, kompyuta yako imekwama." Nilitamani nimkumbatie. Mtoto anayeishuku ammita ndiye aliyeanza kusoma sayansi. Nikampa kiti. Akaihamisha ammita mwenyewe, akaongeza balbu ya tatu, akaona mkondo umeshuka, na umeshuka kote kwa pamoja. Akanyamaza. Halafu, kwa sababu ni kijana, akatoa waya kutoka ncha hii ya betri moja kwa moja mpaka ncha ile, bila balbu yoyote. Betri ikashika moto pale kwenye kioo. Darasa likaanguka kwa kicheko! Tangu siku hiyo hakuna kipindi kinachokwisha bila mtu kuiunguza. Waacheni waiunguze, betri ile hainunuliwi sokoni Kongowea. Na shoti ni nini, sikuhitaji kueleza tena.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: "Kwa hiyo vifaa vya kweli tuvitupe?" Nani amesema? Kipindi kilichofuata tulileta betri za tochi, nyaya na balbu ndogo, na mtoto akavishika kwa mkono wake. Kompyuta nimeileta kwa sababu elektroni haionekani. Kinachoonekana, kaonyesheni chenyewe. Juzi mwalimu mmoja aliniambia anatafuta video ya maji kupwa na kujaa. Yuko Mombasa! Wapeleke watoto ufukweni Mama Ngina siku ya bamvua, wasimame pale ukutani waone maji yalipofika, warudi saa sita baadaye.

Pingamizi la pili, "hatuna mtandao". Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu nyaya za SEACOM na TEAMS, zile ziletazo intaneti kupitia chini ya bahari, zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009. Mtandao wa nchi hii waingia kupitia mlangoni petu, na mwalimu wa ng'ambo ya feri anahesabu bando. Sawa, ni dhuluma, nami nimeisema. Lakini jaribio la PhET ni faili. Wapakua mara moja, ulitie kwenye flashi, na kivinjari chalifungua bila mtandao wowote. Wikipedia nayo waweza kuibeba ndani ya flashi kwa kutumia programu ya Kiwix, hata ile ya Kiswahili. Na programu ya masomo iitwayo Kolibri yaweza kukaa kwenye kompyuta moja ikagawia tableti za darasa zima masomo bila bando. Tableti zipo: zililetwa shuleni tangu 2016. Shule moja, siitaji, walinionyesha zimo kabatini, bado ndani ya plastiki. Ufunguo, wakasema, yuko nao mwalimu aliyehamishwa.

"Mimi nimezeeka." M-Pesa ilikuja 2007, mzee wangu. Nani alikupeleka semina ya M-Pesa? Ulikuwa na pesa ya kutuma, ukajifunza. Ndiyo maana nasema mwanzo uwe somo linalokushinda.

Nimeshaonyeshwa saa. Haya, mbiombio. Shule zilipofungwa Machi 2020, wengi wetu tulipiga picha kurasa za kitabu tukazitupa kwenye kundi la WhatsApp, tukaita masomo ya mtandaoni. Tusirudie. Neno lako la siri, lile unaloingizia alama za watoto na tathmini yako ya kazi, usimwachie kijana wa saiba. Najua anakufanyia haraka, na najua ameliandika kwenye kitabu chake pale kaunta, kila mteja akitazama. Picha za wanafunzi: tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtoto hana uwezo wa kukubali mwenyewe, mzazi ndiye wa kuulizwa. Hilo lilitaka saa nzima.

Habari ya akili bandia nilikuwa nimeiandalia ukurasa mzima, naukunja. Nialikeni tena.

Faili la saketi liko kwenye laptopu hii hapa. Wenye flashi waje mbele sasa hivi, kabla hawajaichukua projekta. Asiye na flashi aje na simu, tuna waya. Na wewe mzee wa nyuma, uje wa kwanza.