Mwacheni Mbwa Awe Mbwa

Nimelisema hili mara nyingi, na mliokwisha kunisikia mtanivumilia: kinachoharibu kumbukumbu za maisha na mbwa ni tashihisi, yaani kumpa mnyama mawazo na maneno ya binadamu. Hujafika ukurasa wa pili, mbwa keshaanza kumtazama mwandishi "kana kwamba anasema, usijali rafiki yangu, najua uchungu wa kuachwa." Hakusema hivyo! Alikuwa anaangalia sahani yako.

Mtazameni Argos, katika kitabu cha 17 cha utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kuhusu safari za Odysseus. Si kumbukumbu, najua, lakini kila anayetaka kuandika juu ya mbwa wake angeanzia hapo. Odysseus amerudi nyumbani baada ya miaka 20, kajigeuza ombaomba. Mbwa wake amelala nje ya lango juu ya samadi, kupe wamemjaa. Anamtambua bwana wake. Anafanya nini? Anatikisa mkia, analaza masikio. Basi. Hana nguvu za kumsogelea. Odysseus naye hawezi kumwendea, maana akimgusa tu siri imevuja. Anageuza uso, anafuta chozi asionwe na mchunga nguruwe aliye naye. Mbwa anakufa pale pale.

Mkia, masikio, samadi, kupe. Hatuambiwi moyo wa mbwa ulijaa nini. Mzigo wote umebebwa na kinaya, mambo kwenda kinyume cha matarajio: aliyetambua hawezi kusema, na aliyetambuliwa hathubutu kuitikia. Haya, ondoeni samadi mtie "macho yaliyojaa upendo," muone kama kuna atakayelia.

Najua kuna mtu ananingoja na Virginia Woolf, yule mwandishi Mwingereza. Mbona katika kitabu chake Flush, mwaka 1933, aliingia kichwani mwa mbwa? Aliingia, naam, lakini kwa kupitia puani: dunia ya Flush ni harufu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Tena ule ni wasifu wa mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, mbwa ambaye Woolf hakupata kumwona, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kubuni. Wewe unayeandika "mimi na mbwa wangu" umeahidi ulichokiona. Ukitaka kukisia, kisia kwa jina lako: nilidhani ananionea huruma, kumbe ana mwiba mguuni na anangoja nimtoe. Hapo msimulizi amejianika mwenyewe, na ndicho tulichomfuata.

Taharuki, ile hamu ya kujua kitakachotokea, haraka haraka. Kila msomaji anajua mbwa atakufa. Wachache hupita miaka 15. Sasa unamficha nani? Tumia kisengere mbele, kitaje kifo mapema, msomaji abaki anauliza walifikaje huko. Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita... naonyeshwa saa. Basi, itumieni kwa kiasi. Dayolojia, mazungumzo ya wahusika, siigusi leo.

Maswali? Ila asisimame mtu kuniambia kwamba mbwa wake yeye huelewa kila anachoambiwa.