Nendeni Siku ya Soko

Habari za jioni, ndugu zangu. Mratibu amenisihi nianze na kanisa. Haya. Kanisa la Monpazier, kijiji cha Ufaransa, lipo, zuri kabisa, na limesimama pembeni ya uwanja. Pembeni! Katikati wameweka soko. Mnaonisikiliza kila mwaka mnajua ninakoelekea: ukikitembelea kijiji cha namna hii siku isiyo ya soko, umeangalia sinia bila chakula.

Monpazier iko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ilianzishwa mwaka 1284 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa pia mtawala wa Aquitaine. Miji midogo ya aina hii, wenyewe wanaiita bastide, ilijengwa zaidi ya 300 upande ule wa nchi katika karne ya 13 na ya 14. Ramani ilitangulia: mitaa iliyonyooka, viwanja vya kujenga vimegawanywa, na uwanja wa mraba umeachwa katikati watu wauziane, aliyeanzisha mji apate ushuru wake. Nyumba zililifuata soko.

Sasa nipeni nafasi ya vipimo. Mratibu, tafadhali, usiangalie saa.

Upande mmoja wa uwanja kuna banda la soko la karne ya 16, paa zito juu ya nguzo za mbao. Chini yake bado vipo vipimo vya zamani vya nafaka. Niliingia Alhamisi, saa mbili asubuhi, wauzaji wanashusha makreti, na mama mmoja ametua kikapu cha jozi pembeni kabisa ya kipimo, hana habari nacho. Nikapitisha kidole ukingoni. Ndugu zangu, ugomvi wote ulikuwa hapo, kwenye ukingo.

Kwa sababu pishi ni pishi mpaka ijae. Ikijaa, unapitisha kijiti juu yake iwe mfuto, au unaacha nafaka irundikane kama kichuguu? Bwana mwenye ardhi, anayepokea nafaka, alitaka kichuguu. Mkulima anayetoa alitaka mfuto. Kati ya hivyo viwili ndimo mlimopotelea chakula cha watoto. Na kila eneo lilikuwa na pishi yake. Wafaransa walipomwandikia mfalme malalamiko yao mwaka 1789, vipimo vilikuwemo, kijiji baada ya kijiji. Mita na kilo zikaingia katika sheria mwaka 1795, na zikawa lazima kwa wote mwaka 1840 tu. Miaka 45!

Najua kuna anayesema moyoni: hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Mkulima wa vitunguu aliyeuza kwa lumbesa hawezi kuniuliza hivyo. Lumbesa ni kichuguu kilichoshonewa kamba. Hicho chombo cha Monpazier kiliwekwa hadharani, katikati ya soko, mnunuzi na muuzaji wakione wote wawili, na ndiyo sababu ninawasumbua nacho kila ninapopewa kipaza sauti.

Mwingine ataniambia masoko yale siku hizi ni ya watalii. Kaa pale nusu saa utazame wanaonunua. Kijiji kina wakazi kama 500 tu, wengine wanatoka mashambani na vikapu vyao, na wanasimama kuulizana hali mpaka njia inaziba. Muuza jibini ya mbuzi aliniuliza nitaila lini, mchana ule au Jumamosi. Nikasema mchana. Akarudisha kidonge alichokwisha kukishika, akaminya cha tatu kwa kidole gumba, akanipa hicho. Sijawahi kuulizwa hivyo dukani.

Ila salamu kwanza. Bonjour, ndipo bei. Sisi ndio watu wa salamu duniani, halafu tukifika ugenini tunanyoosha kidole kimya kimya, tukinuniwa tunasema wana dharau!

Naona naonyeshwa dakika tano. Vichochoro vyembamba vilivyoachwa kati ya nyumba na nyumba ili moto usiruke, mtaviona wenyewe. Buffarot, kiongozi wa wakulima walioasi kodi, aliuawa kwenye uwanja huohuo mwaka 1637; yeye anastahili mhadhara wake. Msimu wa vuli ongezeni Villefranche-du-Périgord, kwa soko la uyoga wa porini.

Kutoka Bergerac ni kama kilomita 45 na usafiri wa umma ni wa shida, basi kodini gari mchangie. Alhamisi, saa mbili asubuhi. Chukueni kikapu na sarafu. Ikifika saa saba mchana wameshafungasha, mtakuta mawe matupu.