Rameni ya Fukuoka: supu ya mifupa, tambi za magadi

Habari zenu ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Hapa Fukuoka ni saa moja na nusu usiku, kwenu najua ni saa saba na nusu mchana, wengine mko mezani sasa hivi. Ni Januari, baridi imeshika kwelikweli. Ukiniona nimejifunga skafu mpaka kwenye pua, ujue si urembo.

Leo natimiza ahadi. Wengi mmeniuliza: dada, huko Japani mkila nje mnakula nini, mbona kila siku unatuonyesha treni tu? Basi leo twende kula rameni. Si kwenye mgahawa wa watalii. Huu hapa nyuma yangu, wenye pazia jekundu mlangoni, uko dakika tano tu kutoka ninapoishi, na nimekula hapa tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Viti kumi na kimoja, vyote vimepangwa mbele ya jiko. Hakuna meza. Pazia likining'inia nje ujue wamefungua. Supu ikiisha wanalitoa, hata kama saa za kufunga bado.

Nitaongea sana nikiwa hapa nje, kwa sababu ndani sitashika simu muda mrefu. Nilimwomba mwenyewe ruhusa, akanijibu bakuli langu nilipige picha nipendavyo, wateja wenzangu nisiwachukue. Ni haki yake, na ni haki yao.

Kwanza tuelewane jambo moja. Nikisema rameni, najua wengi akili inakimbilia tambi za pakiti, zile za kuchemsha dakika tatu na kumwagia kile kiungo cha unga. Zile nazo zimetoka hukuhuku. Alizibuni Momofuku Ando mwaka 1958, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akiishi Ikeda, karibu na Osaka. Alifanyia majaribio kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake mpaka akagundua kwamba tambi zikikaangwa kwenye mafuta zinakauka, halafu zikikutana na maji ya moto zinarudi kuwa laini. Ya kikombe ikaja 1971. Mimi pakiti siidharau hata kidogo, imenivusha usiku mwingi wa mitihani. Ila mtu aliyekula ya pakiti peke yake, bado hajala rameni. Rameni ni supu. Tambi zimo, nyama imo, lakini kinachompeleka mtu kusimama foleni kwenye baridi kama hii ni supu.

Na supu ya hapa Fukuoka ni ya mifupa ya nguruwe. Wanaiita tonkotsu: ton ni nguruwe, kotsu ni mfupa. Kwa hiyo ndugu zangu Waislamu, naliweka wazi kabla hatujaingia. Msifikirie kwamba ukiondoa vile vipande vya nyama juu umemaliza, hapana, supu yenyewe ndiyo nguruwe. Hata rameni za mikoa mingine, za soya au za miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, mara nyingi zina mafuta yake au mifupa yake. Mkifika huku jifunzeni sentensi moja, "buta haitte imasu ka", yaani je, kuna nguruwe humu? Watawajibu ukweli. Rameni halali zipo, hapa Fukuoka na hata Tokyo, za kuku kwa mfano, nami siku moja nitakwenda na rafiki yangu wa Zanzibar tuwaonyeshe. Mimi ni mtoto wa Moshi, nimekua kitimoto kinachomwa jirani, kwa hiyo leo naingia.

Ngoja niwaambie supu hii inavyopikwa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wanachukua mifupa, ya miguu na mara nyingi na vichwa, wanaisafisha damu, wanaitia kwenye sufuria kubwa ambalo mtoto angeweza kuogea, halafu moto mkali. Si moto wa polepole. Supu inatakiwa ichemke kwa nguvu saa nyingi, kumi na mbili na kuzidi, mpaka uboho utoke, mafuta na ule ute wa mifupa vichanganyike na maji, supu igeuke nyeupe kama maziwa. Hawatii maziwa. Weupe wote ule ni mfupa. Na huko Kurume, mji ulio kusini kidogo ya hapa ambako tonkotsu ilianzia mwaka 1937 kwenye kigari cha kuuzia barabarani, wako wapishi ambao sufuria hawalimalizi. Supu ya leo inaongezwa juu ya ya jana, ya kesho juu ya ya leo, miaka na miaka.

Sasa nyie mnaoijua supu ya makongoro ya alfajiri, ile ukimaliza kunywa midomo inanatana, hebu niambieni, mnahitaji maelezo gani tena? Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikuwa sijapata chakula kilichonigusa. Kila kitu kizuri, kisafi, kidogo, baridi. Nikaingia hapa, nikanywa kijiko cha kwanza, midomo ikanatana. Nililia, jamani. Nilikaa pale kwenye kiti nikalia kimyakimya, mvuke ukanisitiri.

Siku hiyo hata kuagiza sikujua. Mlangoni kuna mashine: unatia hela, unabonyeza unachotaka, inakutolea tiketi. Vitufe vyote vilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu, nyuma yangu watu wanne, moyo unanienda mbio. Mzee mmoja nyuma akanyoosha kidole taratibu, akanionyesha kitufe cha juu kabisa, kushoto. Hakusema neno. Baadaye nikajua kwamba migahawa mingi huweka pale kile chakula wanachojivunia. Basi shikeni hilo: juu, kushoto. Hapa ni yeni 800, ambazo kwetu zinazidi shilingi elfu kumi. Nakubali, kwetu ni hela nyingi kwa supu. Kwa huku ni chakula cha mtu wa kawaida, na wapishi wanaogopa kupandisha. Wajapani wana msemo wa ukuta wa yeni 1000: rameni ikivuka hapo wateja wananung'unika, wakati unga, mifupa na gesi vyote vinapanda.

Haya, tunaingia. Nitanong'ona.

Nimempa mpishi tiketi. Ameniuliza tambi nazitaka ngumu kiasi gani. Hapa ndipo mahali pake pa kuulizwa hivyo. Kuna yawa, laini. Futsuu, za kawaida. Kata, ngumu. Barikata, ngumu sana, hiyo "bari" ni lahaja ya watu wa hapa. Halafu kuna harigane, maana yake waya, na si utani, zinaingia majini sekunde chache tu zinatolewa. Mimi ni wa kata.

Angalieni mikono yake. Bakuli kalipasha moto kwanza. Anatia mchuzi wa soya wenye chumvi chini, kijiko kimoja, anatia mafuta, anamimina supu. Tambi ziko kwenye kikapu cha waya chenye mpini. Anakinyanyua, anakikung'uta mara mbili, tatu, maji yote chini, kwa sababu tone la maji likiingia linaharibu supu ya saa kumi na mbili. Kazimwaga. Sasa anazinyanyua kwa vijiti na kuzikunja, zilale upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nyama vipande viwili, majani ya vitunguu, uyoga mweusi uliokatwa nyuzinyuzi. Amenisogezea kwa mikono miwili.

Hapa kaunta kuna ufuta wa kusagia mwenyewe, tangawizi nyekundu ya siki, majani ya haradali ya pilipili na kitunguu saumu cha kukamua. Ushauri wangu, kunyweni supu tupu kwanza. Mtu kaikeshea usiku kucha, usiizike kwa pilipili kabla hujaionja.

Mnasikia hiyo sauti? Ni wenzangu wanavuta tambi. Kwetu ukila hivyo mama anakufinya chini ya meza. Hapa ndivyo zinavyoliwa: unavuta pamoja na hewa, zinapoa njiani, na harufu inapanda puani. Ilinichukua muda kujiruhusu. Sasa navuta kama wao.

Naweka simu chini. Nitarudi kwenu.

Haya, nimetoka, nina joto mpaka vidoleni. Nimekula na nimeongeza. Huko kuongeza wanaita kaedama: unabakiza supu bakulini, unasema "kaedama onegaishimasu", wanakutilia tambi mpya kwa yeni 150. Desturi hii ni ya hapa Fukuoka, imetoka Nagahama, kwenye soko la samaki. Wafanyakazi wa mnadani hawakuwa na muda wa kusubiri, kwa hiyo tambi zikafanywa nyembamba ziive upesi. Lakini tambi nyembamba zikikaa kwenye supu zinalegea. Basi ni bora ule kidogo, umalize zikiwa bado ngumu, uongeze. Mnaokunywa supu pale Feri, Dar, baada ya kushusha samaki, nadhani mnaielewa akili hiyo.

Lakini kuna kitu nimekikalia tangu mwanzo, na ndicho kilichonifanya nitake kurekodi leo.

Wiki mbili zilizopita nilinunua tambi mbichi za rameni dukani nipike nyumbani. Nageuza pakiti nisome, maana sasa kusoma najikongoja: unga wa ngano, chumvi, na neno moja silijui, kansui. Nikamuuliza mwenzangu wa maabara. Akasema ni maji yenye sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti, bila hayo tambi si rameni, ni tambi tu. Sodiamu kaboneti! Ndugu zangu, hayo ni magadi. Yale yale mama anayotia kwenye kiburu, ndizi na maharage, yanayouzwa vipande pale sokoni Mbuyuni.

Nikakaa chini. Ule utelezi na ile harufu hafifu ambayo miaka miwili nimeisikia kwenye rameni nikashindwa kuitaja jina, kumbe ni harufu ya jikoni kwetu. Na ndiyo inayozipa tambi nyingi za rameni ile rangi ya manjano, wengi tunadhani ni mayai. Magadi yakikutana na unga ndiyo rangi inatoka. Za hapa Fukuoka huwa nyeupe zaidi kwa sababu hawatii mengi.

Lakini sikilizeni hili. Sisi tunatia magadi maharage yalainike. Wao wanatia tambi zikaze. Kitu kilekile! Maharage yanaachia, unga wa ngano unajifunga, unakuwa na ule mvuto wa kurudi kama mpira. Ndiyo sababu mojawapo ya ule ugumu ambao mpishi aliniuliza nautaka kiasi gani. 

Leo nikiwa namaliza, nimenyanyua bakuli nikaliweka juu ya ile kingo ya kaunta, nikafuta mbele yangu kwa kitambaa, ndivyo wanavyofanya, halafu badala ya kusema "gochisousama", yaani asante kwa chakula, na kuondoka, nikamwambia kwa Kijapani changu cha kuungaunga: kwetu nasi tunapikia kansui. Inatoka ardhini, pale ziwa linapokauka. Akasimama. Akaniuliza, mnatia kwenye nini? Nikasema ndizi na maharage. Akarudia mara mbili, "banana? mame?", akaita mke wake kutoka nyuma aje asikie.

Kwa hiyo Jumapili napika kiburu. Ndizi mbichi nimeziona kwenye duka la Wafilipino, maharage yapo, na kansui ya unga nimeshaagiza. Nitawapelekea kwenye bakuli, waonje. Mama, kama unanitazama, nipigie kesho unikumbushe vipimo, maana hii ya huku ni kali kuliko ya kwetu au ni sawa, sijui, naogopa kuzidisha. Kwaherini.