Kipindi cha Podikasti: Tanzania Itoke Jumuiya ya Afrika Mashariki?

SHABANI: Tuingie moja kwa moja, dada Neema, maana ujumbe wa wasikilizaji ni uleule: Tanzania inapata nini kwa kubaki kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki? Leo nasimama upande wa wanaosema tutoke, na sisemi kwa kuchokoza. Hoja zao zina uzito.

NEEMA: Nami nimekuja kukuzuia, kaka. Anza.

SHABANI: Naanza na jambo tulilolifanya wenyewe. Mwaka 2000 Tanzania ilitoka COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wenye viwanda walipinga, tukaonywa kwamba tutapoteza masoko. Robo karne imepita, nchi ipo na biashara ipo. Sasa kwa nini kutoka kwenye Jumuiya kuwe mwisho wa dunia?

NEEMA: Kwa sababu tulipotoka COMESA tulikuwa na pa kwenda. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tulikuwemo, na Mkataba wa Jumuiya ulikuwa umeshasainiwa pale Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Zambia tunakutana nayo SADC, Kenya na Uganda tunakutana nazo kwenye Jumuiya. Tukitoka Jumuiya leo, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tutakutana nazo wapi? Hakuna hata moja iliyo SADC.

SHABANI: Tutasaini mkataba na kila nchi peke yake.

NEEMA: Mikataba mingapi, kaka, na kwa miaka mingapi? Ukitaka kujua kutoka kunafananaje, uache huo wa COMESA. Utazame mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Kenya, Uganda na Tanzania ilipovunjika.

SHABANI: Nilijua utafika huko.

NEEMA: Lazima nifike, maana vijana wengi wanadhani Jumuiya ya kwanza ilikuwa mikutano ya marais tu. Ilikuwa na reli, makao makuu Nairobi. Bandari, makao makuu Dar es Salaam. Posta na simu, Kampala. Shirika moja la ndege la nchi tatu. Ilikuwa mbele sana kuliko hii ya leo. Ikaanza kuharibikia kwenye fedha, mashirika yakawa hayapeleki makusanyo makao makuu. Na juu ya hapo, baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Mamlaka ya marais watatu, ndiyo yenye uamuzi wa mwisho, ikawa haikutani. Januari 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka.

SHABANI: Na ukafunguliwa lini?

NEEMA: Novemba 1983. Karibu miaka saba. Namanga pale, kwenye mpaka wetu na Kenya, ambapo Wamaasai wana ukoo huku na ukoo kule, pakafungwa. Kila nchi ikashika kilichokutwa kwenye ardhi yake, ndege, mabehewa, meli za ziwani. Akaletwa mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kupiga hesabu ya mali na madeni. Makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hayo ni ya serikali. Kwa mfanyakazi wa kawaida hayakuisha.

SHABANI: Unawasema wale wazee.

NEEMA: Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya. Mpaka miaka ya 2000, wazee waliokuwa mafundi wa reli na makarani wa posta walikuwa wanakesha mahakamani na kukaa barabarani Dar es Salaam wakidai mafao yao. Wengine walifia kwenye madai hayo, wakabaki wajane wakishika faili. Mtu ametumikia nchi tatu, nchi tatu zimegombana, halafu anaulizwa mwajiri wake ni nani. Nikisikia mtu anasema "tutoke tu", wao ndio wanaonijia kichwani.

SHABANI: Hilo linaumiza, sipingi. Ila 1977 watu hawakutoka kwa utaratibu, nyumba ilibomoka. Leo Mkataba una Ibara ya 145. Bunge linapitisha azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, nchi inampa Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12, na ndani ya muda huo inaweza hata kughairi. Mlango upo, tena wa heshima.

NEEMA: Notisi inakupa tarehe ya kutoka. Haikuambii siku ya pili yake utafanya biashara vipi. Waingereza walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016, wakatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mwaka 2023 bado wanasaini makubaliano mapya kuhusu bidhaa zinazoingia Ireland ya Kaskazini. Na wale wana hazina na wanasheria kuliko sisi.

SHABANI: Mali, Burkina Faso na Niger nao wametoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025.

NEEMA: Wakatoka watatu kwa pamoja, wakiwa na umoja wao mkononi, na sarafu ya pamoja ya CFA wakabaki nayo. Sisi tungetoka peke yetu.

SHABANI: Haya, nije kwenye malalamiko ya leo, maana hatuishi 1977. La kwanza, Jumuiya haiheshimu sheria zake. Ushuru wa pamoja wa forodha, kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, una viwango vinne, sifuri, 10, 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35. Lakini kila bajeti kila nchi inaomba ruhusa ya kutoza chake kwenye bidhaa fulani. La pili, michango. Nchi hazilipi kwa wakati, wabunge wa Afrika Mashariki wanashindwa hata kukutana. La tatu ndilo kubwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022. Jeshi la Jumuiya likapelekwa huko Novemba mwaka huo, likaondoka Desemba 2023. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kongo inaituhumu Rwanda kuwasaidia, na Rwanda ni mwanachama mwenzake. Jumuiya gani hiyo, dada?

NEEMA: Hilo la tatu sina jibu la kukuridhisha, na sitajifanya ninalo. Watu wa Goma wana haki ya kuuliza bendera ile ina maana gani kwao. Ninachokataa ni kwamba sisi tukitoka, wao watapata nafuu. Wakuu wa Jumuiya na SADC walikutana Dar es Salaam Februari 2025 kwa sababu Tanzania iko pande zote mbili. Tukijiondoa upande mmoja, tunapunguza mahali pa kuwakutanisha.

SHABANI: Na viwango vya ushuru? Na michango?

NEEMA: Hapo tunalalamikia makosa ambayo na sisi tunayafanya. Oktoba 2017 tulichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, ndani ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Mei mwaka huohuo Rais Samia akaenda Nairobi, wakakaa wakataja kikwazo kimojakimoja, na mauzo yetu Kenya yakapanda sana mwaka ule. Hakuna aliyetoka. Walikaa mezani.

SHABANI: Halafu Julai 2025 tukatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15.

NEEMA: Saluni, kutengeneza simu, kuongoza watalii, wakala wa fedha kwa simu. Faini isiyopungua shilingi milioni 10. Kilio cha wachuuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, nakielewa, mchuuzi hawezi kushindana rejareja na mtu anayeshusha makontena yake mwenyewe. Lakini kilio kile kilihusu zaidi Wachina, na amri ikamkumba Mkenya anayesuka nywele Arusha. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayofungua kazi na biashara kwa raia wa nchi wanachama, tumeisaini, imeanza kutumika Julai 2010. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki.

SHABANI: Hapo tunaachana. Nchi ina haki ya kumlinda mnyonge wake kwanza.

NEEMA: Nami namtetea mnyonge huyohuyo. Nenda Namanga asubuhi, kaka, pale kwenye kituo cha pamoja kilichofunguliwa Desemba 2018. Utamkuta mama na magunia yake ya vitunguu. Mzigo wake hauzidi dola 2,000, kwa hiyo anajaza cheti rahisi cha uasilia, karatasi moja ya kuonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, inagongwa muhuri palepale mpakani, anavuka bila ushuru wa forodha. Hahitaji wakala. Haijui Ibara ya 145, lakini karatasi ile imetoka kwenye Mkataba uleule. Tukitoka, mwenye malori 40 ataajiri wanasheria na biashara yake itaendelea. Mama huyu atarudi kwenye njia za panya usiku, kwa kutoa chochote kwa anayemkamata.

SHABANI: Wengi wao hata leo wanapita njia za panya, dada. Karatasi hiyo hawaijui.

NEEMA: Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi ambayo haijafanyika. Wafundishwe. Maofisa waache kudai karatasi ambazo sheria haizitaki. Mfanyabiashara akionewa, afike Mahakama ya Afrika Mashariki, ipo Arusha, mtu binafsi anaruhusiwa kushtaki. Haya tunaweza kuyadai kesho.

SHABANI: Basi nikuambie nilipofika. Kutoka kesho, hapana, hoja yako ya tutakutana nao wapi sijaijibu. Ila nataka Bunge lijadili waziwazi, na hesabu mkononi: tunachangia kiasi gani, tunauza nini, nani anatuzuia. Miaka 20 ya Umoja wa Forodha imepita, mwananchi hajawahi kuletewa hesabu hiyo mezani.

NEEMA: Hapo niko na wewe. Na kwenye hesabu hiyo wawekwe pia wanaovusha magunia, si wenye makontena tu.

SHABANI: Mlioko mipakani, Holili, Sirari, Mutukula, Rusumo na Namanga, tutumieni ujumbe wa sauti: mmebeba nini, mmedaiwa karatasi gani, mmelipa nini. Wiki ijayo tunausikiliza mmoja mmoja hewani, tukiwa na Mkataba mezani.