Bakteria wa Tumbo la Mchwa na Vimeng'enya vya Kuvunja Selulosi

Mabibi na mabwana,

Ukipasua ubao ulioliwa na mchwa, utakuta ganda jembamba kwa nje na vijia vilivyopakwa udongo kwa ndani. Kilichotoweka kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikamana kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuikata.

Mchwa naye haimalizi kazi hiyo peke yake. Katika miaka ya 1920, Mmarekani L. R. Cleveland alionyesha kwamba mchwa walioondolewa viumbe vidogo vya tumboni huendelea kula mbao na bado hufa njaa. Viumbe aliowachunguza walikuwa protozoa, yaani viumbe vya seli moja visivyo bakteria. Mchwa wa familia ya Termitidae, wenye spishi nyingi kuliko familia nyingine zote, hawana protozoa hao. Baadhi yao hulima kuvu kichuguuni, na wengine, kama Nasutitermes walao mbao, hutegemea zaidi bakteria. Mwaka 2007, watafiti waliosoma DNA ya utumbo wa nyuma wa Nasutitermes kutoka Costa Rica walikuta jeni nyingi za kuvunja selulosi na zailani (sukari nyingine iliyoungana katika ukuta wa seli za mimea), na nyingi kati yake zilielekea kuwa za bakteria wa makundi ya Treponema na Fibrobacter.

Naomba tuutazame utumbo wenyewe kwa karibu. Ujazo wake ni takriban mikrolita moja, tone dogo kuliko kichwa cha pini, lakini oksijeni hupenya ukingoni tu na katikati haifiki. Humo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hupokezana kazi: endoglukanase hukata mnyororo katikati, eksoglukanase humenya ncha zake, na beta-glukosidase hugawa vipande vya mwisho kuwa glukosi. Bakteria huichachusha sukari hiyo kuwa asetati (aina ya asidi ya siki), ambayo ndiyo chakula chenyewe cha mchwa.

Kwa maoni yangu, thamani ya mchwa kwa viwanda imo katika kupokezana huko kuliko katika kimeng'enya kimoja kimoja. Viwanda vya ethanoli, karatasi, nguo na chakula cha mifugo tayari vinatumia selulase, yaani vimeng'enya vya kuvunja selulosi, nyingi zikitokana na kuvu Trichoderma reesei, ambazo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 50 hivi. Kimeng'enya kilichozoea joto la kichuguu huweza kuharibika mapema katika mtungi wa kiwandani wenye joto hilo, hivyo hulazimu kukiimarisha au kupunguza joto la mtungi.

Tena, bakteria wengi wa tumbo la mchwa hawakubali kuoteshwa peke yao maabara, ndiyo maana jeni zao huhamishiwa kwenye bakteria Escherichia coli au hamira, ambazo huoteshwa kwa urahisi. Kimeng'enya kinachopatikana huweza kung'ara kwenye selulosi iliyolainishwa, kisha kikakwama kwenye mabua yenye lignini, kitu kigumu kinachoshikamanisha nyuzi za mmea. Ndiyo sababu nawasihi wenzangu wa maabara wavipime vimeng'enya hivi kwenye mabua yenyewe tangu jaribio la kwanza, na wavipime vikiwa pamoja.